GARI LA NAKALA: Kitulizo cha mstaafu kinachodai spana na daftari

MNAMO Agosti 2016, gari dogo la rangi ya samawati, lisilo na paa, lilipigwa mnada huko Monterey, California, na kununuliwa kwa dola milioni 13.75 za Marekani. Hilo ndilo lililokuwa gari la kwanza kabisa la aina ya Cobra. Liliundwa mwaka wa 1962 wakati Carroll Shelby, dereva wa zamani wa mashindano kutoka Texas, alipochukua gari jepesi la Kiingereza lililoitwa AC Ace na kulitia injini ya Ford yenye silinda 8.

Magari ya Cobra yaliyoundwa katika miaka hiyo ya sitini yalikuwa takriban 1,000 tu. Hata hivyo, mtu akizuru uwanja wanakokutana wapenzi wa magari nchini Uingereza Jumapili ya kiangazi, hatakosa kuyaona kadhaa yameegeshwa kwa safu, mabawa yamevimba juu ya magurudumu na mabomba ya moshi yamepitishwa ubavuni. Yametoka wapi yote hayo?

Jibu ni kwamba karibu yote ni nakala. Ni magari yaliyoundwa miaka 20, 30 au 50 baadaye kwa sura ya lile la awali, aghalabu katika gereji ya nyumbani, kutokana na vipande vilivyonunuliwa kwa awamu. Wamiliki wengi ni watu waliokwisha kusomesha watoto na kumaliza kulipia nyumba, ambao sasa wanapata wasaa wa kulitimiza tamanio la ujanani.

Makala haya yanaeleza gari hilo ni nini hasa, sheria inalitazamaje, na vipi linavyotunzwa na mtu ambaye mshahara wake umekoma na magoti yake yameanza kulalamika.

KODI ILIYOZAA UFUNDI

Uingereza ndiyo mama wa magari ya kujiundia, na sababu yake ilikuwa kodi. Kabla ya 1973 gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, ilhali vipande vya gari vilivyouzwa kando kando havikutozwa. Kampuni ndogo ziliuona mwanya huo zikautumia.

Mashuhuri miongoni mwazo ilikuwa Lotus ya Colin Chapman, ambayo mwaka wa 1957 ilitoa gari jepesi mno lililoitwa Seven. Mnunuzi aliletewa vipande akaviunga mwenyewe. Inasimuliwa kwamba kwa vile kanuni za kodi hazikuruhusu maelezo ya kuunganisha, Lotus iliwapa wateja maelezo ya jinsi ya kulifungua gari, nao wakayasoma kuanzia mwisho hadi mwanzo.

Mwaka wa 1973 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na kodi ya thamani ya ziada, VAT. Mwaka huo huo Lotus iliiuzia kampuni ya Caterham haki za kuunda Seven, na Caterham ingali inaliuza hadi leo, likiwa zima au likiwa vipande. Sababu ya kifedha ilitoweka lakini mazoea yakabaki.

Kwa Mkenya, wazo lenyewe si geni. Viwanda vya Thika na Mombasa kwa miaka mingi vimepokea magari yakiwa vipande na kuyaunga, na mafundi wetu wa bodi huchukua chasisi ya lori la Isuzu wakaijengea basi juu yake. Tofauti ni kwamba mstaafu wa Kiingereza hufanya hivyo peke yake, usiku, redio ikicheza kando, na hana abiria wa kumlipa nauli.

GARI LA KUCHINJWA

Mwenye kuunda nakala ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua kila kitu kikiwa kipya. Gari kama Caterham Seven huja na vipande vyote na mwongozo, na mtu mwenye mikono mizuri anaweza kulimaliza kwa takriban saa 100 za kazi.

Njia ya pili, iliyotumiwa na wengi zaidi katika nakala za Cobra, ni kutafuta gari la kuchinjwa: gari kuukuu la kawaida linalonunuliwa kwa bei nafuu, likavunjwa, na viungo vyake vikahamishiwa kwenye chasisi mpya. Kampuni inayouza nakala hutoa chasisi na bodi ya faibaglasi. Mengine mnunuzi hujitafutia. Kazi hii huchukua miaka. Matangazo ya "mradi ambao haujakamilika" hayakosekani katika magazeti ya magari, na nyuma ya kila tangazo kuna mtu aliyechoka, aliyeugua au aliyeishiwa.

Viungo vilivyopendwa sana vilitoka kwa magari ambayo hata sisi tunayafahamu. Injini ilikuwa Rover V8, ile ya aluminiamu iliyobuniwa na Buick huko Marekani na ambayo Rover ilinunua haki zake mwaka wa 1965. Ndiyo iliyoendesha Range Rover na Land Rover Discovery kwa miongo kadhaa. Ekseli ya nyuma na breki zilitoka kwa Jaguar XJ6. Vitu vingine vilichukuliwa kwenye Ford Sierra.

Kwa hivyo, chini ya sura moja ya mwaka wa 1965 mnaweza kuwa na moyo wa Rover, miguu ya Jaguar na mikono ya Ford. Hapo ndipo matatizo ya utunzaji yanapoanzia.

SHERIA HAIDANGANYWI NA SURA

Hadi miaka ya tisini gari la kujiundia liliingia barabarani Uingereza bila pingamizi kubwa. Mwaka wa 1998 serikali ilianzisha ukaguzi wa gari moja moja uliojulikana kama SVA, na mwaka wa 2009 ukafuatwa na ukaguzi mkali zaidi, IVA. Mkaguzi hutazama breki, mikanda ya usalama, vioo, taa, moshi, kelele na hata ncha za vyuma vya nje: ukingo ambao mtu anaweza kugusana nao unatakiwa kuwa na mviringo usiopungua milimita 2.5. Ndiyo maana magari mengi hupelekwa kukaguliwa yakiwa yamevishwa mipira kila pembe. Baadhi ya mipira hiyo, inasikitisha kusema, huvuliwa jioni ya siku hiyo hiyo.

Gari ambalo umri wake au asili ya vipande vyake haviwezi kuthibitishwa hupewa nambari ya usajili inayoanza kwa herufi Q. Herufi hiyo hailizuii kutembea, lakini wanunuzi huichukia na bei hushuka.

Lipo jambo jingine ambalo huwanasa wageni. Tangu Mei 2018, magari yenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambayo hayajabadilishwa kwa kiasi kikubwa hayalazimiki kupelekwa ukaguzi wa kila mwaka, ule wa MOT, na magari ya umri huo huweza pia kusamehewa kodi ya barabara. Gari lililoundwa mwaka wa 2005 kwa sura ya 1965 halina lake hapo. Macho huona mzee. Sheria huona kijana.

MTU HUNUNUA MIKONO

Sheria ya pensheni ya Uingereza kwa kawaida humruhusu mtu kuchukua hadi robo ya akiba yake bila kutozwa kodi. Kiinua mgongo hicho ndicho hatari yenyewe. Fedha zimeingia kwa mkupuo, gari linang'aa kwenye picha, na bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya Cobra halisi. Mstaafu hajiulizi sana.

Mtu anayenunua Toyota iliyotumika hununua kazi ya kiwanda. Anayenunua nakala iliyokwisha kuundwa hununua mikono ya mtu mmoja asiyemjua. Mtu huyo huenda alikuwa mhandisi mwenye subira, au mwenye pupa aliyetaka kulimaliza gari kabla ya harusi ya bintiye. Rangi haitamwambia mnunuzi ni yupi kati ya wawili hao.

Kitakachomwambia ni daftari. Muundaji makini huandika kila alichokifunga: giaboksi ilitoka kwa gari gani la mwaka gani, pampu ya maji ni ya aina gani, pedi za breki za mbele ni za gari lipi na za nyuma ni za lipi, nyaya za umeme zina rangi gani na zinaelekea wapi. Huhifadhi stakabadhi na kupiga picha za chasisi kabla bodi haijateremshwa juu yake.

Bila daftari hilo, kazi ya dakika 20 huwa ya wiki 2. Chukua mfano wa beringi ya gurudumu la mbele. Mwenye gari la kiwandani huenda dukani, kama vile mtu wa Nairobi anavyoteremka Barabara ya Kirinyaga, akataja aina na mwaka wa gari lake akapewa. Mwenye nakala akitaja jina la gari lake, muuzaji atamtazama tu. Itambidi kulifungua gurudumu, aitoe beringi, aisafishe, asome nambari iliyochongwa ubavuni, ikiwa bado inasomeka, ndipo aanze kutafuta. Wakati huo wote gari limekaa juu ya mawe.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, gari lenye rangi iliyochakaa na daftari nene lina thamani kuliko lile linalong'aa ambalo mwenyewe anasema, "Usijali, yote ni ya Ford."

UTUNZAJI

Faibaglasi haishiki kutu, na jambo hilo huwapumbaza wengi. Kutu huwa chini, ndani ya mabomba ya chuma ya chasisi. Rangi ya unga iliyookwa juu yake ikichubuliwa na kokoto, maji hupenya na kusambaa chini ya rangi bila kuonekana. Kila mwaka gari liinuliwe, lioshwe tumbo, na fundi aligonge kwa nyundo ndogo mahali pa maungio. Sauti ikibadilika, pana neno.

Bodi yenyewe huonyesha nyufa ndogo ndogo zenye umbo la utando wa buibui. Zikiwa juu juu ni kasoro ya sura tu. Zikianzia kwenye bolti ya bawaba ya mlango au kiti, maana yake ni kwamba kitu kinavutwa mahali kisipopaswa kuvutwa, na kupaka rangi juu yake ni kujidanganya.

Umeme ndio uwatesao wamiliki kuliko kitu chochote. Katika gari la bati, umeme ukishapita kwenye taa hurudi betrini kupitia bodi yenyewe. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hivyo kila taa, kila honi na kila feni huhitaji waya wake wa kuurudisha. Taa ya kulia ikififia pale mtu anapowasha indiketa, asikimbilie kubadilisha balbu. Aanze na waya huo: aufungue, aukwangue hadi chuma king'ae, aupake grisi, aufunge tena. Kasoro nyingi zinazoitwa za ajabu huishia hapo.

Injini ya Rover V8 ni mvumilivu lakini ina tabia zake. Kwa kuwa ni ya aluminiamu, isitiliwe maji matupu ya mfereji. Maji yachanganywe na dawa ya kuzuia kutu, na mchanganyiko huo ubadilishwe kila baada ya miaka michache, la sivyo njia za maji huliwa kutoka ndani. Kamshafti yake huchakaa mapema oili isipobadilishwa kwa wakati. Presha ya oili nayo huwa ndogo injini inaponguruma bila kwenda, jambo ambalo limewanyima usingizi wamiliki wengi wapya bila sababu.

Ekseli ya Jaguar ndiyo inayofundisha subira. Katika XJ6, diski za breki za nyuma hazikuwekwa kwenye magurudumu bali katikati, kando ya difu. Ilikuwa hekima ya kihandisi, kwani magurudumu yalikuwa mepesi na gari likatulia barabarani. Kwa mwenye spana ni adhabu. Kubadilisha diski aghalabu hudai kuiteremsha ekseli nzima, na breki ya mkono yenye pedi zake ndogo husahaulika hadi siku gari linapoanza kuteremka lenyewe. Anayenunua nakala yenye ekseli hiyo na aulize breki hizo zilifunguliwa lini mara ya mwisho, na aone stakabadhi.

Yapo pia magonjwa ya kukaa. Gari la mstaafu hutembea kilomita chache kwa mwaka, na kukaa huliumiza kuliko kutembea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hata kama gari halikutoka. Betri iunganishwe kwenye chaja ndogo ya kuidumisha. Tairi huzeeka hata mistari yake ikiwa bado mirefu: ubavuni mna tarakimu 4 zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2015. Mtu asidanganywe na tairi inayoonekana mpya.

Petroli nayo imebadilika. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida nchini Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hulainisha mipira ya zamani ya kupitishia mafuta na kuacha uchafu ndani ya kabureta gari likikaa muda mrefu. Wenye kabureta hununua petroli ghali zaidi yenye ethanoli kidogo na kubadilisha mipira yote. Mpira uliolainika juu ya injini yenye joto si suala la gharama tena. Ni moto, na faibaglasi huwaka vibaya.

Mwisho, bolti. Gari la kiwandani lilikazwa kwa mashine. Hili lilikazwa na mtu. Baada ya kilomita mia kadhaa za mwanzo, na kila mwaka baadaye, bolti za ekseli, usukani na injini zipimwe moja moja kwa spana ya kupimia nguvu, kisha zitiwe alama ya rangi ili iliyolegea ionekane kwa jicho.

MWILI WA DEREVA

Wauzaji hawalisemi hili. Gari la namna hii liko chini sana, mlango wake ni mfupi, na katika Seven mtu hukanyaga kiti ndipo ateremke kwenye nafasi ya miguu. Klachi ni nzito. Nakala nyingi hazina usukani wa kusaidiwa na haidroliki, hazina breki za kujirekebisha, hazina mifuko ya hewa. Bomba la moshi la ubavuni hufikia joto la kuunguza, na wamiliki wa Cobra hutambuana kwa kovu juu ya kifundo cha mguu.

Mtu wa miaka 62 huyamudu hayo. Swali ni la miaka 72. Kabla ya kulipa, mnunuzi na aingie na kutoka garini mara 5 mfululizo, kisha asubiri kesho yake asikie mgongo unasemaje. Wapo wanaoongeza usukani mwepesi wa umeme na viti vinavyoinuka kidogo, na wanaodhihaki mabadiliko hayo ni wale ambao bado hawajayahitaji.

Breki dhaifu na nguvu nyingi haviendani na macho yanayopungua. Rover V8 ndani ya gari jepesi huyazungusha magurudumu ya nyuma kwenye barabara yenye maji kwa kuguswa tu. Bora injini ndogo inayoeleweka.

BIMA NA BEI

Bima ya kawaida haifai. Kampuni ya bima ikilipa "thamani ya soko" ya gari lisilo na soko linalojulikana, mmiliki atapunjwa. Kinachotakiwa ni bima ya thamani iliyokubaliwa: gari hukadiriwa, picha na stakabadhi huwasilishwa, na kiasi huandikwa kabla ya ajali. Bei yake huwa nafuu endapo mmiliki ataahidi kutozidisha kilomita fulani kwa mwaka. Lazima pia aseme wazi kwamba gari ni nakala. Anayeandika "Cobra, 1965" kwenye fomu kwa ajili ya fahari atajibiwa siku ya dai.

Kama rasilimali, nakala si shamba. Saa za kazi zilizotumika hazirudi. Mwenye kuweka kiinua mgongo chake humo akitarajia faida anachanganya mambo mawili, na yafaa atenge kwanza fedha za hospitali.

KUTOKA DURBAN HADI NGONG

Afrika nayo imo katika biashara hii. Mjini Durban, Afrika Kusini, kampuni ya Backdraft huunda nakala za Cobra kwa ajili ya soko la Marekani, na mkoani humo humo gari la Birkin, lililoiga Lotus Seven, limeundwa tangu miaka ya themanini. Port Elizabeth, ambayo tangu 2021 inaitwa Gqeberha, ndiko yanakotoka magari ya Superformance, ambayo wajuzi huyahesabu kati ya nakala bora zaidi duniani.

Kwetu Kenya mambo ni mengine. Kanuni ya KS 1515 kwa kawaida huzuia kuingizwa kwa gari lililotumika lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na fundi wa kulielewa gari lenye viungo vya magari matatu itabidi umlee mwenyewe. Wapenzi wa magari ya zamani hapa hulea yale yaliyokuwepo: Peugeot 504, Datsun, Volkswagen, Mercedes za miaka ya sabini. Ndiyo yanayoonekana kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa farasi wa Ngong. Magari hayo yana faida moja: jina lililoandikwa nyuma ndilo jina la vipuri vyake.

Wenye nakala huko Uingereza wamejifunza kuliongezea daftari ukurasa mmoja, unaoandikwa kwa ajili ya mke au watoto. Unataja funguo ziko wapi, nambari ya chasisi imepigwa mahali gani, thamani iliyokubaliwa na bima, na jina la fundi wa kuaminika. Unataja pia ilipo swichi ya kukata umeme, kwa sababu wengi huificha chini ya dashibodi ili kuwazuia wezi, na mjane asiyeijua ataambiwa na mnunuzi wa kwanza atakayefika kwamba injini imekufa.